Imepimwa, sawa. Imepimwa nini?

Najua nimewatelekeza wiki mbili hizi. Test zilifuatana, bando likakata, na siku nilipopata bando nikakuta sina la kuandika. Leo ninalo. Wale mliozoea kuja hapa kusoma umbea wa hosteli mnisamehe, leo ni historia, tena historia ya neno moja tu: "imepimwa".

Mnalijua neno hilo. Kwetu Mtinko, ukitoka Singida mjini ukaipita Ilongero, siku ya mnada utalisikia kabla hujashuka kwenye gari. Kuna jamaa kaweka spika juu ya Noah, anauza unga wa mizizi kwenye makopo. Sukari, presha, ngiri, mgongo, nguvu za kiume, vyote kopo moja. Zamani muuza dawa alijisifu kwa babu yake aliyemrithisha, au kwa ndoto aliyoota. Siku hizi anajisifu kwa maabara. "Dawa hii imepimwa!" Anainua juu karatasi yenye mhuri, na watu wanatoa hela.

Watu hao si wajinga, naomba tuelewane hapo mapema. Neno hilo lilipata uzito wake kihalali, kwa kazi ya watu wengi kwa miaka mingi. Shida ni kwamba uzito wenyewe ni wa aina fulani tu, na ili kuujua inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka mia.

Twende kwanza Amani, kule Usambara Mashariki mkoani Tanga. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda mamia ya miti ya kigeni kuona ipi itakubali. Mmojawapo ulikuwa mkwinini, mti wa milima ya Andes kule Amerika Kusini. Gome lake lilikuwa linatumika kutibu homa karne kadhaa. Linasagwa, linanywewa, likifanya kazi mgonjwa anashukuru, likigoma mganga analaumiwa. Basi. Mwaka 1820 wanakemia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, wakafanikiwa kuitenga kwinini yenyewe kutoka kwenye gome. Kuanzia hapo ikawezekana kuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kulijibu kabla: gome hili hapa, la mti huu hapa, lina dawa kiasi gani?

Majibu yalishangaza. Gome la mti mmoja lilikuwa na kwinini asilimia moja au mbili, la mti mwingine unaofanana nao kabisa likapita asilimia 10. Miti hiyo yenye nguvu ilitokana na mbegu zilizokusanywa Bolivia na mtu mmoja wa Kiaymara aitwaye Manuel Incra Mamani, akampa bosi wake Mwingereza, Charles Ledger, na mwaka 1865 Waholanzi wakanunua sehemu ya mbegu hizo na kuzipanda Java. Mamani mwenyewe baadaye alifungwa na kupigwa kwa sababu ya mbegu, akafa. Mti ukaitwa jina la Ledger. (Hili nalo ni somo, ila si la leo.) Waholanzi wakawa wanapima mti kwa mti, na gome likauzwa mnadani Amsterdam kwa asilimia ya kwinini iliyomo, siyo kwa kilo peke yake. Kwa hiyo mojawapo ya ripoti za kwanza za maabara za mitishamba zilizobadilisha dunia zilikuwa karatasi za wafanyabiashara, na zilijibu swali moja tu, la kiasi.

Sasa rudi Amani. Vita vya 1914 vilipoanza, manowari za Waingereza zikaziba pwani, dawa kutoka Ulaya zikakatika. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa linapigana kwenye nchi ya malaria bila kwinini ya kutosha. Amani ikageuka kiwanda: magome ya miti iliyopandwa kwa majaribio yakatengenezwa kwinini pale pale. Waingereza walipoiteka Amani mwaka 1916 na jeshi lile likaendelea kukimbilia kusini, kilichobaki kilikuwa gome na sufuria. Wakawa wanachemsha gome na kunywa maji yake. Askari wakayaita "Lettow Schnaps", yaani gongo ya Lettow, kwa jinsi yalivyokuwa machungu.

Mi hapo ndipo panaponikamata. Mti ni ule ule, dawa ni ile ile, lakini kidonge kina kiasi kinachojulikana na sufuria haina. Leo umechemsha gome zito la mti mzee, kesho gome jembamba la mti mchanga. Ungechukua kikombe kimoja cha Jumatatu ukakipima, ungejua habari za kikombe cha Jumatatu. Cha Alhamisi hujui kitu.

Wakati huo Dar es Salaam tayari ilikuwa na maabara. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1895, na ndiyo mzazi wa hii tunayoiita leo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo mtu akisema "Mkemia Mkuu" kwenye spika anataja taasisi yenye umri mkubwa kuliko Tanganyika ya Waingereza. Lakini mizizi ya waganga wetu haikupata heshima ya kupimwa kwa utaratibu hadi baada ya uhuru. Mwaka 1974 kikaanzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1991 kikapandishwa kuwa Taasisi ya Dawa Asilia. Watafiti wake walizunguka mikoani, wakakaa na waganga, wakaandika jina la mti kwa kilugha na kwa kisayansi, sehemu inayotumika, na ugonjwa. Kisha wakarudi kupima.

Mnajua mojawapo ya vipimo walivyotumia sana? Vidudu vidogo vya jamii ya kamba vinavyoishi kwenye maji ya chumvi. Unaviangua kwenye maji, unatia mchemsho wa mzizi kwa viwango mbalimbali, unahesabu vilivyokufa. Ni rahisi, hakihitaji mashine ya mamilioni, na kinakupa fununu ya kwanza kama mzizi ni mkali au la. Nilipomweleza roommate wangu anayesoma Kemia na Baiolojia akacheka, akaniambia nyie watu wa Singida mna maziwa mawili ya chumvi mjini mngekuwa mmeshafungua maabara. Ila alisisitiza neno "fununu". Kidudu kikipona haina maana figo ya binadamu itapona.

Halafu zikaja sheria. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, ikazaa Baraza linalosajili waganga, vituo vyao na dawa zao. Mwaka 2003 ikaja sheria iliyounda TFDA, ya chakula, dawa na vipodozi. TFDA yenyewe mwaka 2019 ikabadilika kuwa TMDA na mambo ya chakula yakahamia TBS. Mkikuta kopo jipya la dawa lina nembo ya TFDA leo hii, jiulizeni lebo hiyo ilichapwa lini. Napita haraka hapa kwa sababu sheria zinachosha, ila kuna kitu kimoja mkishike: usajili wa mganga ni karatasi moja, usajili wa dawa ni nyingine, ripoti ya maabara ni nyingine tena. Muuzaji akiinua karatasi kwenye jukwaa, wewe uliye chini unaona mhuri tu. Anaweza kuwa kainua leseni ya biashara.

Kwa nini yote haya yamenijia sasa hivi? Kwa sababu ya baba yangu mdogo. Ana kisukari mwaka wa sita sasa, anakwenda kliniki, anameza vidonge. Mwezi uliopita kanipigia simu usiku. Shikamoo, marahaba, habari za masomo, halafu akaingia kwenye jambo lake: "Mwanangu, we ndo msomi wetu. Nimepata dawa ya mizizi, imepimwa maabara, karatasi ninayo. Mwenye dawa anasema vidonge niache maana vinagombana. We unasemaje?"

Mi ni mwalimu mtarajiwa wa Historia na Kiswahili. Nikamwambia baba mdogo, vidonge usiache kwanza, hiyo karatasi ipige picha unitumie. Akamtuma mwanae, ikaja kwenye WhatsApp, nikakaa nayo na roommate hadi saa saba usiku. Naomba niwaeleze tulichokisoma, kwa sababu karatasi hizi zinafanana sana.

Juu kabisa kulikuwa na maelezo ya sampuli: unga wa kahawia, gramu 200, umeletwa na mteja. Maneno matatu hayo ya mwisho ndiyo roommate aliyoyawekea kidole. Maana yake maabara haikwenda kwenye stoo ya muuzaji kuchota kopo lolote. Mwenye dawa ndiye aliyechagua nini kipimwe, akakibeba mwenyewe. Ripoti inahusu hizo gramu 200. Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Namba ya toleo haikuwepo, wala kwenye kopo haipo. Sasa mizizi imechimbwa mara ngapi ndani ya miaka mitatu, wapi, na nani? Ni sufuria ya Lettow tena, ila hii ina mhuri.

Jina la mmea hakuna. Kumeandikwa "dawa ya mitishamba", basi.

Chini yake likaja jedwali. Bakteria: idadi iko ndani ya kiwango. Salmonela: haikuonekana. Safi kabisa, hiyo ni habari njema na msiidharau, maana unga wa mizizi unaanikwa chini, kuku wanapita. Kisha metali nzito: zebaki haikuonekana, aseniki haikuonekana, risasi miligramu 6 kwa kilo, kiwango cha juu 10, imefaulu. Hapa roommate akaniuliza, "baba yako mdogo anakunywa kiasi gani?" Nikauliza. Vijiko vitatu vya kujaa kwa siku.

Tukapiga hesabu. Kijiko cha kujaa tukakikadiria gramu 5, vitatu ni gramu 15. Miligramu 6 kwa kilo ni sawa na maikrogramu 6 kwa gramu. Mara 15, maikrogramu 90 za risasi kila siku. Kiwango cha miligramu 10 kwa kilo kimo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa dawa za mimea, kwa hiyo maabara haijadanganya. Lakini kiwango kinahusu unga, hakimjui anayekunywa wala hakihesabu vijiko. Kwa kulinganisha, Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa inatumia maikrogramu 8.8 kwa siku kama kipimo cha kumlinda mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa, yaani kile anachokula chote. Na wataalamu wa FAO na WHO walikaa mwaka 2010 wakafuta kiwango chao cha zamani cha risasi, wakisema hawaoni kiasi kinachoweza kuitwa salama. Mtu anayelamba kijiko kimoja kwa wiki na mtu anayekunywa vitatu kila siku mwaka mzima wanasoma neno moja, "imefaulu".

Mwisho wa jedwali: panya walipewa dozi kubwa mara moja, wakaangaliwa siku 14, hawakufa. Sawa. Hicho kinajibu swali la sumu ya ghafla. Baba mdogo hanywi mara moja.

Na sukari? Tulipitia karatasi yote mara tatu. Neno sukari halimo. Hakuna aliyeiuliza maabara kama unga huu unashusha sukari, kwa hiyo maabara haikujibu. Muuzaji alipeleka swali la "je, itaua mtu?" akapewa jibu, akaenda nalo Mtinko na kulisoma kama jibu la "je, inatibu?" Uongo hakuna kwenye karatasi hata mstari mmoja. Uongo uko kwenye spika.

Kuna na lingine ambalo halikuulizwa: je, ndani ya unga kuna kidonge cha kizungu kimesagwa kwa siri? Msione natia chumvi. Singapore mwaka 2008 wanaume zaidi ya mia moja walifikishwa hospitali sukari imeshuka vibaya, na hawakuwa na kisukari. Walikuwa wametumia dawa za nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama za asili, kumbe zina glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari. Wanne walifariki. Kitu kama hicho hakijitokezi kwenye kipimo cha bakteria wala cha risasi. Lazima mtu akitafute kwa jina. Ndiyo maana dawa ya mizizi "inayofanya kazi haraka ajabu" kwa mgonjwa wa kisukari inanitisha zaidi kuliko isiyofanya kazi.

Baba mdogo nilimwambia hayo yote kwa lugha ya nyumbani. Vidonge anameza. Kopo alilionyesha kliniki, nesi akamwandikia aje kupima sukari mara kwa mara zaidi. Unga nao naambiwa bado anauonja onja, kalipia elfu thelathini, nitafanyaje.

Sasa twende Loliondo, maana huko ndiko taifa zima lilisoma karatasi kwa mtindo wa baba mdogo.

Wengi wetu tulikuwa darasa la kwanza au bado chekechea. Mwaka 2011, kijiji cha Samunge, wilaya ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa KKKT aitwaye Ambilikile Masapila alianza kugawa kikombe cha maji ya mizizi iliyochemshwa. Alisema Mungu alimwonyesha ndotoni. Kikombe kimoja, mara moja, shilingi 500, kinatibu UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na mengine. Mama anasimulia kuwa kwetu kuna mtu aliuza ng'ombe kupata nauli, kwa sababu 500 ilikuwa ya dawa, gari lilikuwa habari nyingine. Mawaziri walikwenda. Wenye hela walikwenda kwa helikopta. Mwishoni mwa Machi Babu mwenyewe aliomba watu wapya wasije hadi tarehe 1 Aprili, maana waliokuwa wakisubiri walifika kama 24,000 na foleni ya magari ilikuwa ya kilomita zaidi ya 20. Watu kadhaa walifia njiani na kwenye foleni, wengine wakiwa wametolewa hospitali wakipelekwa huko.

Serikali ikatuma wataalamu, wakachukua sampuli. Mti ulitambuliwa: mugariga, kisayansi ni wa jenasi ya Carissa, ule wenye miiba na matunda madogo meusi yanayoliwa. Taarifa iliyotoka mapema ilikuwa kwamba dawa haina sumu, ni salama kwa kunywa. Rudieni sentensi hiyo polepole. Salama kwa kunywa. Ni sentensi ya kweli na ya maana kabisa: foleni ya maelfu wanakunywa kitu kimoja, kazi ya kwanza ya serikali ni kujua kama kitawaua. Lakini mitaani ilifika ikiwa imeshageuka: "maabara imethibitisha dawa ya Babu". Serikali ikalazimika kuwasihi wagonjwa wasiache dawa za kufubaza virusi, na wapo walioacha.

Wengine walitaja utafiti. Ni kweli, mwaka 2006 watafiti wa Kenya walichapisha kwamba mchemsho wa mizizi ya mti huo ulizuia virusi vya hepesi, kwenye seli za maabara na kwenye panya. Hepesi. Kirusi kingine, kiumbe kingine, dozi nyingine. Mtu aliyesoma kichwa cha habari akaona "virusi" akamalizia mwenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo mi naona ndilo kiini cha Loliondo na halisemwi sana. Babu alisema wazi kwamba dawa inafanya kazi ikitolewa kwa mkono wake tu. Ukichimba mizizi ile ile ukaichemsha nyumbani, haifanyi kitu. Sasa maabara ingepima nini? Mzizi unaingia kwenye chupa ya sampuli, mkono hauingii. Kwa maneno yake mwenyewe, Babu alikuwa amewaambia watu kwamba nguvu haiko kwenye kile kinachopimika. Sijamwona kuwa ndiye aliyekuwa akitembea na karatasi ya maabara. Karatasi tulimtafutia sisi, kwa sababu imani peke yake ilitutia aibu kidogo na tulitaka mhuri.

Nikiwa kwenye mugariga, kuna hatari nyingine ambayo watu wa porini wanaijua kuliko sisi wa hosteli. Mugariga una ndugu anaitwa msunguti, wa familia moja ya mimea, majani yanafanana sana. Msunguti ndio uliotengenezewa sumu ya mishale Afrika Mashariki yote. Sumu yake, wabaini, ilitengwa na mkemia Mfaransa Arnaud mwaka 1888, na jina lake limetokana na Kisomali. Inasimamisha moyo. Mchungaji wa mbuzi atawatofautisha kirahisi: mugariga una miiba, msunguti hauna. Lakini saga mizizi iwe unga wa kahawia, gramu 200, uilete na mteja. Miiba iko wapi? Kwa hiyo ripoti isiyokuwa na jina la mmea, na isiyosema mmea ulitambuliwaje, imeruka swali ambalo hata mtoto wa machungani angeanza nalo.

Mwaka 2020 tukapata darasa lingine, hili mnalikumbuka vizuri. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi, kware na hata oili ya gari zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu na umri wao, na papai likarudi na majibu kwamba lina korona. Siku hiyo hiyo akasema atatuma ndege Madagascar kuchukua dawa ya mitishamba, na siku chache baadaye waziri Kabudi akaenda nayo. Mabishano ya siasa nawaachia wenyewe. Mi naangalia kitu kimoja: tuliona kwa siku moja tukiidai maabara ushahidi mkali kwa upande wa kipimo, halafu kwa upande wa chupa ya mitishamba tukatosheka na kwamba imetoka kwenye taasisi ya utafiti. Kupeleka sampuli ya mtego si kosa, maabara nzuri zinajitega zenyewe kila siku. Ila kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya makamasi ya binadamu hakina ahadi yoyote kuhusu juisi ya papai. Kwenye ripoti nzuri ya mitishamba utakuta jina la njia iliyotumika kupimia, na ukiuliza utaambiwa kama njia hiyo inafaa kwa unga wa mizizi au ilibuniwa kwa maji ya bomba.

Msidhani ni sisi tu. Kuna jani linaitwa kratom, la mti wa Thailand na Malaysia, familia moja na kahawa na mkwinini. Una ndugu mpaka huku kwetu, waganga wa Uganda wanautumia kwa malaria. Kiini chake, mitrajinini, kilitengwa mwaka 1921. Thailand walilipiga marufuku jani hilo mwaka 1943 wakaliruhusu tena mwaka 2021. Marekani linauzwa kama unga, na wauzaji wa kule wanaringia ripoti za maabara kuliko yule wetu wa Noah. Pamoja na hayo, mwaka 2018 watu 199 kwenye majimbo 41 waliugua salmonela iliyohusishwa na kratom, na mamlaka yao ikalazimisha kampuni moja kuondoa bidhaa zake sokoni. Baadaye wakapima bidhaa nyingine wakakuta risasi na nikeli, tena wakasema tatizo ni lile lile la vijiko: watumiaji wanakunywa gramu nyingi kila siku. Na Sweden kabla ya hapo watu tisa walikufa ndani ya mwaka mmoja kwa unga ulioitwa Krypton, ukiuzwa kama kratom. Maabara ilipotafuta ikakuta umechanganywa na kemikali ya jamii ya tramado. Ndiyo, tramado hiyo hiyo mnayoisikia vijiweni.

Roommate anasema ripoti anayoitaka yeye ni ile yenye jina la mmea na aliyeutambua, namba ya toleo inayolingana na ya kopo, nani alichota sampuli, kiasi cha kiini kwa gramu, na kipimo cha vidonge vilivyofichwa. Nikamwambia kwa Mtinko hiyo ni ndoto. Akanijibu kwamba Amsterdam walikuwa wanauliza asilimia kwenye mnada wa magome zaidi ya miaka mia iliyopita, nasi tuna mnada kila wiki.

Basi wadau, naishia hapa, kesho saa mbili nina seminar na bado sijafungua hata handout. Babu wa Loliondo alifariki Julai 2021, kama kuna mwenye ndugu aliyefika Samunge kabla ya hapo naomba aniandikie, hasa kutoka Singida, natafuta walilipaje nauli na walipita njia gani. Na mwenye karatasi ya kopo lolote nyumbani apige picha ailete, tutaisoma na roommate. Yeye anadai soda.